Mapafu mapya, bakteria yuleyule: kisa cha binti wa miaka 15 na virusi 3

Septemba 2017, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London, binti wa miaka 15 mwenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu, alipandikizwa mapafu yote mawili. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini wiki chache baadaye ngozi ilianza kuwa nyekundu kandokando ya mshono wa kifuani, na kidonda kikagoma kufunga. Kilipochukuliwa kipimo na kuoteshwa maabara, aliyeota alikuwa Mycobacterium abscessus, bakteria yuleyule aliyekuwa akiyatafuna mapafu ya zamani. Mapafu hayo hayakuwemo tena mwilini mwake.

Kisa hiki kilichapishwa katika jarida la Nature Medicine mwezi Mei 2019, na mara nyingi kinasimuliwa kwa sababu ya mwisho wake: madaktari walimpa mgonjwa virusi ili viue bakteria. Ni kweli, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mimi hata hivyo nikikisoma huwa nasimama kwanza kwenye ule mshono. Pale ndipo panapoonekana kwamba maambukizi ya mtu huyu hayakuwa mali ya mapafu peke yake, na kwamba kila uamuzi uliofuata ulikuwa mbio dhidi ya muda.

Kamasi isiyosogea

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye sistiki faibrosisi amerithi nakala 2 zenye hitilafu za jeni iitwayo CFTR, moja kwa baba na nyingine kwa mama, na mara nyingi wazazi wote wawili ni wazima kabisa. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1989, iko kwenye kromosomu ya 7 na kazi yake ni kutengeneza mlango unaopitisha kloridi kwenye ukuta wa seli. Protini yenyewe ina asidi amino 1,480. Binti huyu alikuwa na hitilafu iliyo ya kawaida kuliko zote, F508del, kwenye nakala zote 2: asidi amino 1 tu imekosekana, protini inakunjika vibaya, na seli inaitupa kabla haijafika mahali pake.

Mlango ukikosekana, chumvi haitoki kama inavyopaswa na maji hayaifuati. Ute unaofunika njia za hewa unakauka na kunata. Katika mapafu yenye afya, vinyweleo vidogo mno hupiga makasia usiku na mchana, vikiusukuma ute kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Kwenye sistiki faibrosisi makasia yapo, ila mto umegeuka tope.

Bakteria huingia kwa zamu. Utotoni mara nyingi ni Staphylococcus aureus na Haemophilus influenzae. Baadaye huja Pseudomonas aeruginosa, ambaye akishazoea mazingira hubadilika na kujifunika utelezi wake mwenyewe. Kwenye sahani ya maabara makoloni yake huonekana kama matone ya kamasi yaliyokaribia kutiririka. Chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali hapo kwa mamilioni, hupigana, hufa, na zinapopasuka humwaga DNA yake ndani ya ute. DNA ni uzi mrefu wenye kunata, kwa hiyo makohozi yanazidi kuwa mazito. Ndiyo maana mojawapo ya dawa za kuvuta anazopewa mgonjwa ni kimeng'enya kinachokata DNA. Mzazi anayemgonga mtoto mgongoni kila asubuhi ili makohozi yalegee, kwa sehemu kubwa anasukuma mabaki ya vita hiyo.

Vimeng'enya vya chembe hizo nyeupe huyeyusha pia kuta za njia za hewa. Njia zinapanuka, zinalegea, zinageuka mifuko ya kutunzia usaha. Hivi ndivyo mapafu yanavyokwisha: maambukizi hayaondoki, na jitihada za mwili kuyaondoa nazo zinaharibu. Binti huyu alikuwa na Pseudomonas wa kudumu, na juu yake akawa na abscessus.

Ndugu mbaya wa kifua kikuu

Mycobacterium abscessus yuko katika jenasi moja na bakteria wa kifua kikuu, lakini undugu huo usimdanganye mtu. Wa kifua kikuu huchukua wiki kadhaa kuota maabara. Huyu huota ndani ya siku 7. Dawa za kawaida za kifua kikuu karibu hazimgusi. Matibabu yake ni mchanganyiko wa dawa kali za dripu na za kumeza, zikiwemo amikasini, imipenemu, tigesaiklini na azithromaisini, kwa miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka. Amikasini inaweza kuua usikivu wa masikio. Tigesaiklini huleta kichefuchefu cha kumfanya mtu aache kula, na hawa ni watu ambao tayari wanahangaika kuongeza uzito kwa sababu kongosho zao hazimwagi vimeng'enya vya kusaga mafuta.

Anatoka wapi? Hukaa kwenye maji na udongo, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba kila mgonjwa humpata kivyake huko. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliosoma jenomu nzima za bakteria hawa waliona kwamba baadhi ya wagonjwa wa kituo kimoja walikuwa na bakteria wanaofanana mno kiasi kwamba maelezo ya akili yalikuwa moja tu: wameambukizana, ingawa hakuna aliyeonekana akimgusa mwenzake. Hofu hiyo ilikuwepo tayari kwa sababu ya Burkholderia cepacia, bakteria mwingine aliyesambaa kati ya wagonjwa miaka ya 1980 na 1990. Kwa hiyo watu wenye sistiki faibrosisi huambiwa wasikae pamoja chumba kimoja, na wakiwa kliniki huwekwa vyumba tofauti. Ni agizo la haki, na linauma. Mtu pekee anayejua kukohoa usiku kucha kulivyo ndiye usiyeruhusiwa kuketi naye.

Binti huyu alikuwa ametibiwa abscessus kwa miaka kabla ya upandikizaji. Dawa zilimpunguza bakteria, hazikummaliza.

Kupandikiza au kutopandikiza

Vituo vingi vya upandikizaji vilikuwa, na baadhi bado viko, vikisita kumpokea mgonjwa mwenye abscessus. Sababu inaeleweka. Baada ya kupata kiungo kipya mgonjwa hupewa dawa za kushusha kinga ili mwili usikikatae, na kinga ikishuka, bakteria aliyebanwa miaka mingi anafunguliwa mlango. Kwa upande mwingine, mapafu yake yalikuwa yamefika mwisho. Kukataa kupandikiza nako ni uamuzi, na matokeo yake yanajulikana.

Hapa kuna jambo ambalo nimeona watu wengi wakilikosea. Mapafu mapya hayana sistiki faibrosisi. Seli zake zina jeni za aliyeyatoa, milango yake ya kloridi inafanya kazi, na ute wake ni mwepesi. Lakini juu yake koromeo, pua na mianzi ya uso vinabaki kuwa vya mgonjwa, na humo bakteria walishajijengea makao. Wengine wamejificha kwenye tezi za limfu na kwenye nafasi ya kifua ambamo mapafu mabovu yaling'olewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Daktari mpasuaji anaweza kufua shati, hawezi kubadilisha kabati zima.

Dawa za kupambana na abscessus zilisimamishwa baada ya upasuaji kwa sababu ya madhara yake. Ni rahisi leo kunyoosha kidole pale, lakini anayesoma orodha ya madhara ya dawa zile na kujua kwamba figo na ini hapohapo vinabeba mzigo wa dawa za kushusha kinga hatakuwa mwepesi wa kulaumu. Baadaye dawa zilirudishwa na bakteria hakujali. Aliingia kwenye ini. Akatokea kwenye ngozi ya mikono, miguu na makalio, vinundu zaidi ya 20, vingine vikipasuka na kutoa majimaji. Mshono ulibaki wazi kwa miezi. Mgonjwa aliyepandikizwa na kufika hapo, kwa uzoefu wa wakati ule, alikuwa akiandaliwa huduma za kupunguza maumivu.

Sahani ya maabara

Oktoba 2017 barua pepe ilitoka London kwenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kwa Graham Hatfull. Yeye si daktari wa wagonjwa. Kwa miaka mingi alikuwa akikusanya bakteriofaji, kwa ufupi faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria tu, na hasa vile vya jenasi ya Mycobacterium. Alikuwa na zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa zimeokotwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo mbalimbali waliotumwa kuchota udongo, kutafuta virusi ndani yake na kukipa jina walichokipata. Mradi wa kufundishia, basi. London iliuliza: je, miongoni mwa hizo ipo inayoweza kumwua bakteria wa wagonjwa wetu? Kwa maana walikuwa wawili, vijana wote, wote wenye sistiki faibrosisi, wote wamepandikizwa mapafu, wote wakiandamwa na abscessus. Sampuli 2 zikatumwa. Ya binti iliitwa GD01.

Fikra yenyewe haikuwa mpya. Frederick Twort aliviona virusi hivi mwaka 1915, Félix d'Herelle akavipa jina la bakteriofaji mwaka 1917, na mjini Tbilisi, Georgia, taasisi ya kuvitumia kutibu watu ilianzishwa mwaka 1923 na haijaacha. Kwingineko antibayotiki zilipokuja zilizifunika faji, na kwa haki kabisa: antibayotiki moja huua bakteria wa aina nyingi, ilhali faji moja huweza kumwua huyu na kumwacha ndugu yake wa tumbo moja. Huko ndiko kwenye ugumu wote wa kisa hiki.

Kipimo chenyewe ni cha kawaida sana. Bakteria wa mgonjwa huchanganywa na jeli laini, humwagwa kwenye sahani yenye chakula na kuachwa igande. Juu yake hudondoshwa matone ya faji mbalimbali, kila tone mahali pake. Sahani hufunikwa na kuwekwa kwenye joto. Baada ya siku chache bakteria wameota na kutandaza ukungu wa rangi ya maziwa sahani nzima. Sasa mtu huiinua kuelekea taa. Pale ambapo ukungu umeendelea kana kwamba hakuna kilichodondoka, faji imeshindwa. Pale palipo na duara safi, unaona vidole vyako upande wa pili, faji imeua. Na kuna pale penye duara hafifu, lenye ukungu mwembamba ndani yake. Hao ni bakteria waliokubali kuishi na virusi: faji imeingia, imejipachika kwenye DNA ya bakteria na kulala.

Miezi ilipita. Yule kijana mwingine alifariki kabla faji ya kumsaidia haijapatikana.

Kwa GD01 zilipatikana 3. Ya kwanza inaitwa Muddy, nayo ilitoka Durban, Afrika Kusini, mwaka 2010, kwenye biringanya lililooza. Hiyo iliua vizuri bila kuguswa. Nyingine 2, ZoeJ na BPs, zilikuwa za duara hafifu, zile zenye tabia ya kulala. Faji inayolala haifai kwa tiba, kwa kuwa bakteria anayeibeba huwa amepata kinga dhidi yake. Kikosi cha Pittsburgh kikaondoa kwenye kila moja jeni inayoiamuru ilale. Faji zisizoweza kulala hubaki na njia moja tu: kujinakili ndani ya bakteria na kumpasua. BPs ilihitaji pia kuchaguliwa kizazi chake kilichojifunza kumwingia GD01 kwa ufanisi. Hii ndiyo mara ya kwanza faji zilizohaririwa kijenetiki kutumika kumtibu mtu, na pia mara ya kwanza faji kutumika dhidi ya Mycobacterium kwa binadamu.

Kwa nini 3 badala ya 1? Kwa sababu ileile tunayochanganya dawa za kifua kikuu. Bakteria mmoja katika mamilioni atakuwa na badiliko linaloizuia faji fulani isimshike. Uwezekano wa mmoja huyohuyo kuzikwepa zote 3 kwa pamoja ni mdogo mno.

Juni 2018

Kwanza walipaka mchanganyiko kwenye mshono wa kifuani na kusubiri siku 1. Hakuna kilichotokea cha kutisha. Kisha ukaingizwa kwenye mshipa: kila dozi chembe bilioni 1, kila saa 12. Siku 2 za mwanzo alitokwa jasho na kuwa mwekundu usoni, bila homa. Siku ya 9 aliruhusiwa kwenda nyumbani, akaendelea kupata dozi zake huko asubuhi na jioni, kwa miezi.

Baada ya wiki 6 skani ilionyesha kwamba ule uvimbe wa ini ulikuwa umeondoka. Mshono ulifunga. Utendaji wa ini na wa mapafu uliboreka. Vinundu vya ngozi vilisinyaa polepole, kimoja baada ya kingine. Tangu faji zilipoanza, abscessus hakuota tena kutoka kwenye makohozi, ingawa kwenye vinundu aliendelea kuonekana kwa muda. Wale walioota humo walipimwa na bado walikuwa wakiuliwa na faji. Usugu uliohofiwa haukuonekana.

Nisingependa msomaji aondoke na neno "amepona", kwa kuwa ripoti yenyewe haikulisema. Bakteria hakufutika. Antibayotiki hazikuachwa. Na mgonjwa 1 hawezi kuthibitisha tiba. Waandishi wa ripoti walikiri kwamba haiwezekani kuondoa kabisa uwezekano kwamba angepata nafuu kwa namna nyingine, ingawa kwa hali aliyokuwa nayo ni vigumu kuamini. Kilichothibitika ni kidogo zaidi na bado ni kikubwa: faji zilifika kwenye damu na vidondani, hazikumdhuru, na zilikwenda sambamba na mabadiliko ambayo dawa peke yake zilikuwa zimeshindwa kuyaleta.

Kilichomsaidia bila kukusudiwa

Nadhani kuna bahati moja ndani ya kisa hiki inayostahili kuangaliwa kwa makini. Mwili wenye kinga kamili huzitambua faji kama wageni na kutengeneza kingamwili za kuzizima. Mwaka 2021 kiliripotiwa kisa cha mzee wa miaka 81, asiye na sistiki faibrosisi ila mwenye abscessus kwenye mapafu yaliyoharibika, aliyepewa faji hizihizi 3. Mwanzoni bakteria walipungua, kisha ndani ya kama miezi 2 kingamwili zikapanda na faji zikazimwa. Binti hakuzizima. Dawa za kushusha kinga, zilezile zilizompa abscessus upenyo wa kuenea hadi kwenye ini na ngozi, inaelekea ndizo zilizozipa faji nafasi ya kufanya kazi.

Mwaka 2022 kilifuata kikundi cha wagonjwa 20 waliopewa faji kwa maambukizi ya Mycobacterium yaliyoshindikana, wengi wao wakiwa na sistiki faibrosisi. Waliopata nafuu ya wazi ni 11. Hakuna aliyedhuriwa na faji. Kabla ya hao 20, sampuli za wagonjwa 200 zilipimwa, na waliopatikana na faji inayofaa walikuwa 55. Hesabu hiyo ndiyo sura halisi ya tiba hii leo: milango mingi, funguo chache. Sehemu ya sababu imejulikana. Abscessus huota kwa sura 2, makoloni yenye mikwaruzo na makoloni laini, na tofauti iko kwenye mafuta ya ukuta wake wa nje. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, takriban asilimia 80 ya wenye mikwaruzo waliuliwa na angalau faji 1. Kati ya walio laini, hakuna aliyeuliwa vizuri.

Oktoba 2019, miezi michache tu baada ya ripoti ya London, Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa dawa 3 unaosaidia protini ya F508del kukunjika na kufunguka. Kwa wengi wenye hitilafu hiyo ute umekuwa mwepesi, na mapafu ambayo yangeomba kupandikizwa yanaendelea. Binti wetu dawa hiyo isingemrudishia kitu kifuani, kwa kuwa mapafu aliyokuwa nayo tayari yalikuwa na milango mizima. Na kwa waliokwisha kuharibika mapafu, bakteria wa kudumu hawafungashi virago kwa sababu tu kamasi imelegea.

Ndiyo maana naona swali la muda lina uzito kuliko swali la dawa ipi. London faji zilitafutwa baada ya mapafu kutolewa na bakteria kutawanyika. Denver, Marekani, walikwenda kinyume chake. Huko kijana wa miaka 26 mwenye sistiki faibrosisi, ambaye abscessus alikuwa akimfungia mlango wa kupandikizwa, alipewa faji 2 pamoja na antibayotiki akiwa bado na mapafu yake mwenyewe. Makohozi yake yaliacha kuotesha abscessus. Baada ya mwaka 1 na siku chache za faji alipandikizwa, na mapafu yaliyotolewa yakakatwa na kuoteshwa maabara. Abscessus hakuota.